Mtu wa Kupelekewa Habari: Maisha ya Marehemu Cleopas Mwakio Mghanga, 1966–2025

Cleopas Mwakio Mghanga alizaliwa Jumatano tarehe 3 Agosti 1966 katika kijiji cha Mgange Nyika, Wundanyi, huko Taita. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya watoto sita wa Mzee Mghanga na Mama Mkamburi.

Kabla ya kuendelea, familia ingependa waombolezaji wajue kwamba marehemu aliacha maagizo mawili kuhusu siku ya leo. La kwanza, chakula kiwe cha moto. La pili, wasifu wake utakaposomwa, jambo la Ranvir lisirukwe. Yamesemwa mengi kuhusu jambo hilo, hapa Birmingham na nyumbani pia, na wapo waliosema kwamba marehemu alimuuza mwenzake jeshini. Familia hii haijazoea kujibu maneno ya pembeni. Itayasema yaliyotokea kwa utaratibu, mbele ya jeneza lake, kisha kila mtu aende nayo nyumbani.

Baba yake alikuwa mpakuaji mizigo bandarini Mombasa. Mwaka 1975 Mzee Mghanga aliugua mapafu akalazwa wiki tatu, na hakuna aliyempelekea mkewe habari. Mama Mkamburi alikuja kujua siku mumewe alipoteremka kwenye basi pale Wundanyi, amekonda hata mkanda wa suruali umemzunguka karibu mara mbili. Mama hakumlaumu mumewe. Aliwalaumu wenzake wa kazini. "Walikula naye, walilala naye chumba kimoja, na hawakujua mtu wake ni nani?" Maneno hayo aliyarudia kwa miaka mingi, na watoto wake sita wakakua wakijua kwamba mtu akiugua, jambo la kwanza, hata kabla ya uji, ni kumpelekea habari mtu wake.

Marehemu alisoma shule ya msingi pale Mgange na ya upili Wundanyi, akamaliza Kidato cha Nne mwaka 1984. Alikuwa mzuri katika sayansi na mbaya katika kuamka. Akiwa Kidato cha Pili alichelewa gwaride mara tatu, akapewa adhabu ya kusaidia jikoni muhula mzima. Muhula ulipokwisha, mpishi mkuu alikwenda kwa mwalimu wa nidhamu akamwomba amwongezee yule kijana adhabu, kwa kuwa tangu aingie jikoni maharagwe yalikuwa yanaliwa yakaisha.

Mwaka 1987 alikuja Birmingham kwa shangazi yake, aliyekuwa muuguzi na akiishi Aston. Alisomea upishi kwa miaka miwili, akafanya kazi hotelini kidogo, na Septemba 1990 akajiunga na Jeshi la Uingereza akiwa mpishi. Alilitumikia kwa miaka ishirini na miwili. Alipika Ujerumani, Kupro, Bosnia na kwingineko, kwenye mahema, kwenye makontena, na mara moja katika zizi la ng'ombe ambalo ng'ombe wake walikuwa hawajaambiwa wahame.

Ni jikoni alikokutana na Koplo Ranvir Singh Bhogal. Ranvir alizaliwa Nairobi, na wazazi wake walihamia Great Barr akiwa na umri wa miaka kumi na miwili. Siku ya kwanza alisimama nyuma ya marehemu, akatazama karai la viazi, akasema kwa Kiswahili cha Nairobi:

"Wewe, hii viazi nani amekata? Panya?"

Marehemu aligeuka akamtazama kilemba mpaka viatu. "Panya wa Taita, bwana. Wa Nairobi wangekuwa wameviiba."

Kuanzia hapo wakawa ndugu. Walizungumza Kiswahili siku nzima, kwa sababu hakuna mwingine kikosini aliyekielewa, na kwa Kiswahili hicho Ranvir alimwambia marehemu jambo ambalo hakumwambia mwingine. Alikuwa na mpenzi, jina lake Derek, dereva wa basi namba kumi na moja hapa Birmingham. Sheria ya jeshi wakati huo ilikataza kabisa. Mwanajeshi akijulikana kuwa anapenda wanaume wenzake alifukuzwa, hata awe hodari namna gani. Marehemu alimenya viazi viwili vitatu, kisha akauliza, "Anakula nini huyo Derek?" Hilo ndilo swali pekee aliloliuliza.

Mwezi Februari 1996, huko Bosnia, jiko la petroli lililipuka katika hema la kupikia. Upepo uliingia vibaya, wala hakuna wa kulaumiwa. Marehemu alikuwa upande wa ndani, njia yake imezibwa na moto. Ranvir alikuwa mlangoni. Aliingia, akamshika marehemu kwa mkanda, akamtupa nje kama gunia, na yeye mwenyewe akaungua mikono yote miwili na kifua. Ukisahau mengine yote katika wasifu huu, usisahau hilo: miaka ishirini na tisa ambayo sisi tuliokaa hapa tumekuwa naye, watoto wake, ndoa yake, sahani zote alizotupakulia, ni zawadi ya Ranvir.

Ranvir alipelekwa hospitali Ujerumani akiwa hajitambui. Kapteni alimwita marehemu akamuuliza kama majeruhi ana mtu mwingine wa kuarifiwa, maana mama yake alikuwa mgonjwa wa moyo na simu haikupokelewa. Marehemu hakufikiri mara mbili. Alimwona baba yake akiteremka kwenye basi pale Wundanyi. Akaenda kwenye begi la Ranvir, akatoa picha ya Derek, anwani yake na namba ya simu, akavileta mwenyewe.

"Mtu wake ni huyu, afande. Mpelekeeni habari leo leo."

Kapteni alitazama picha kwa muda. Alikuwa mtu mwema, alipiga simu. Lakini pia aliandika, kwa kuwa sheria ilimtaka aandike. Wiki sita baadaye wapelelezi wa kijeshi walimketisha marehemu mezani na kumuuliza kama aliyoyasema ni kweli. Alijibu kwamba ni kweli, na kwamba alidhani walitaka kumpelekea mtu habari. Juni 1996 Koplo Bhogal alifukuzwa jeshini, mikono ikiwa bado na bandeji, na nishani yake ya utumishi ikabaki mikononi mwa jeshi.

Marehemu aliendelea kupika. Aliwaambia wachache kwamba tangu mwaka ule chakula chake hakikuwa tena na ladha, na kwamba askari walikila tu kwa kumheshimu.

Desemba 1997, katika sherehe ya Jamhuri iliyofanyika katika ukumbi wa kanisa huko Balsall Heath, alikutana na Wakesho Mwandoe, aliyekuwa akisomea shahada ya pili ya ualimu wa hisabati. Marehemu ndiye aliyepika pilau. Wakesho alimfuata jikoni na sahani.

"Chumvi imezidi."

"Watu mia mbili wamekula, dada, hakuna aliyesema."

"Watu mia mbili wana adabu."

Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 15 Agosti 1998. Kabla ya kuposa, marehemu alimwomba Wakesho asikilize kwanza habari ya Ranvir, kisha aamue. Wakesho alisikiliza mpaka mwisho, akamwambia aende akamwone. Marehemu akasema atakwenda. Mungu aliwajalia watoto wawili, Mghoi na Mwangeka, ambao waliambiwa mambo kwa Kiswahili wakajibu kwa Kiingereza, na baba yao alidai hivyo ndivyo alivyojifunza Kiingereza bure.

Januari 2000 sheria ile iliondolewa. Marehemu alikuwa amesikia maafisa wakisema kwa miaka mingi kwamba siku watu hao watakaporuhusiwa kutumikia waziwazi, umoja wa vikosi utavunjika. Alisimama nyuma ya meza ya chakula akisubiri uvunjike. Vijana wakaanza kusema bila kificho wanampenda nani. Mmoja alimwonyesha marehemu picha ya mchumba wake wa kiume huku akichukua soseji ya tatu. "Foleni ilibaki ileile," marehemu alikuwa akisema. "Waliolalamikia viazi waliendelea kulalamikia viazi. Basi ni kwa nini walimfukuza mtu wangu?"

Lakini kwa Ranvir hakwenda. Mwaka 2001 alijikaza, akapanda basi namba kumi na moja pale Perry Barr, na akamkuta Derek mwenyewe kwenye usukani. Alilipa nauli, akaketi, akashindwa kutamka neno. Basi hilo huzunguka jiji lote. Marehemu alizunguka nalo zaidi ya saa mbili na akateremka palepale alipopandia. Alirudi nyumbani akamwambia mkewe kwamba ameiona Birmingham vizuri sana.

Alistaafu jeshi mwaka 2012 na kuwa mpishi wa shule huko Great Barr. Wengi walioketi hapa leo walipikiwa naye misibani mwao, na hakumtoza hata mmoja wao.

Julai 2023 alikuwa anakaanga vitunguu iliposemwa redioni kwamba serikali imeomba radhi Bungeni kwa wote waliofukuzwa kwa sheria ile, na kwamba nishani zao zitarudishwa. Alizima jiko. Vitunguu vikabaki nusu. Jioni hiyohiyo alikuwa Balsall Heath, ambako Ranvir ana mkahawa mdogo, Wakesho akiwa amesimama kando ya mumewe ili asipande basi akarudi tena.

Ranvir alitoka jikoni akifuta mikono, ile mikono.

"Umechelewa, Mtaita. Chai imepoa miaka ishirini na saba."

Marehemu alitaka kupiga magoti. Ranvir akamkamata kwa mkanda, kama siku ile. "Wacha drama. Wateja wanaona."

Kutoka nyuma ya kaunta, mzee mwenye nywele nyeupe alisema kwa Kiingereza cha hapa hapa Birmingham kwamba mtu huyu anamjua: ndiye yule aliyezunguka naye mji mzima bila kushuka. Alikuwa Derek. Alikuwa amemtambua marehemu tangu 2001, kutoka kwenye picha ya wapishi wawili iliyoko ukutani kwao, na alisubiri vituo vyote aseme neno.

Waliketi. Marehemu alisema alichokuja kusema: kwamba ni yeye aliyelitaja jina, na kwamba anaomba msamaha. Ranvir akammiminia chai.

"Kazi nilipoteza. Mama hakuongea na mimi miaka minne. Hiyo siwezi kukudanganya, iliuma. Lakini sikia, Mwakio. Kwa sababu ulisema, Derek alipigiwa simu, akapanda ndege. Nilipofungua macho alikuwa ameshika kidole changu kimoja, maana vingine vyote vilikuwa na bandeji. Wewe ungenyamaza, ningeamka peke yangu, na pengine nisingetaka kuamka. Waliokosa ni wale waliotunga sheria ya kufanya hiyo simu iwe kosa. Wewe ulileta mtu wangu."

Wakesho anashuhudia kwamba kuanzia siku hiyo chakula cha nyumbani kwao kilirudi na ladha yake. Marehemu aliandika ushahidi wa kusindikiza maombi ya nishani ya Ranvir, ukurasa mmoja, kwa mkono. Ndani yake kuna maneno haya: "Waliniambia mtu kama huyu atavunja umoja wa kikosi. Umoja wa kikosi niliuona siku jiko lilipolipuka. Wanaume wanne walikimbilia nje, na hawakukosea. Mmoja alikimbilia ndani."

Nishani ilirudi Februari 2025. Mwezi uliofuata marehemu aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho. Alipoandikishwa kwa ajili ya huduma ya nyumbani, muuguzi alimuuliza, "Tukihitaji kumpigia mtu simu, ni nani?" Marehemu alicheka mpaka akakohoa. Kisha akaagiza karatasi, akapanga orodha yake mwenyewe ya watu wa kupelekewa habari: mkewe, watoto wake, kaka yake Mwadime, Ranvir.

Mzee Mwadime, kwa upendo wa kaka mkubwa, alimpigia simu kutoka Wundanyi. "Mdogo wangu, hayo ya jeshini si yaachwe jeshini? Watu watasema nini msibani?"

"Watasema nilimtaja mtu, kaka. Na ni kweli. Sasa waongezewe na mengine ya kweli."

Mzee Mwadime amefika leo kutoka Taita, na jana alimwomba Ranvir mwenyewe ashike jeneza upande wa kulia, mbele, pamoja naye. Familia inamshukuru kwa hilo kuliko awezavyo kujua.

Marehemu alifariki nyumbani kwake Great Barr asubuhi ya Alhamisi, tarehe 9 Oktoba 2025, mkewe akimshika mkono. Alikuwa na miaka hamsini na tisa. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, kanisa, majirani, askari wenzake, na Mungu aliyetukopesha yeye baada ya moto ule.

Ameacha mke, Wakesho. Binti, Mghoi, na mwana, Mwangeka. Mjukuu mmoja, Mkamburi. Kaka yake Mwadime na dada zake watatu. Ndugu yake Ranvir Singh Bhogal, ambaye leo amevaa nishani yake. Na Derek, mtu wa Ranvir.

Mwakio, orodha yako imefuatwa kama ulivyoipanga. Watu wako wote wamepelekewa habari, na wote wamefika. Lala sasa, kwa amani.