Kaye ya Mashua ya Tata Badibanga

Tata Badibanga Mbuyi ametumika kwenye mashua ya misioni, hapa ziwa la Nzilo, miaka thelathini na miwili, tangu Septemba 1962. Tarehe 31 Agosti 1994 anapumzika kazi. Komite imeniomba mimi, Mama Godelieve wa jikoni, niandike karatasi hii ya sherehe, maana nimekaa naye karibu kuliko wote. Wamesema niandike mazuri tu. Nitaandika yaliyotokea.

Kwanza huyo mbuzi wa sherehe. Mlinzi alipopumzika tulimpa sabuni na shuka. Mbona huyu anachinjiwa mbuzi, na kwaya, na hotuba tatu? Nimepika humu tangu wengi wenu hamjaota meno, harufu naijua. Siku hiyo hiyo anatakiwa kurudisha ufunguo wa nyumba ya kando ya ziwa, na barua ya komite inasema "apate kurudi kwao." Haya. Tuone kwao ni wapi.

Kazi yake ilikuwa kuvusha wagonjwa, walimu na mifuko ya unga. Hakuzamisha mtu hata mmoja. Alizamisha harmoniamu, kinanda cha kanisa, na hiyo alikuwa amemwambia pasta kwamba ni nzito. Pasta akamjibu kwamba hana imani. Harmoniamu iko chini mpaka leo.

Aliyemfundisha ni Bwana Tomlin, Mwingereza mzee aliyekulia kati ya mashua na farasi. Huyo ndiye aliyeweka desturi: asubuhi, kabla mashua haijatoka, mwenye mashua anataja kila kitu kwa sauti na kukigusa, kisije kikasahaulika ng'ambo. Maneno alimwandikia katika kaye, daftari lake, kwa Kiingereza cha watu wa mashua na farasi ambacho, alisema, hata wajukuu zake hawakijui tena. Paddle, ndiyo kafi. Thwart, ubao wa kukalia. Thole, kijiti cha kuegemeza kafi. Ukurasa wa pili sasa: saddle, kiti cha kuwekea farasi mgongoni, girth, mkanda wake wa tumboni, stirrup, chuma cha kutia mguu. Farasi hapa hakuna, hata mmoja. Lakini Tata alifundishwa kurasa mbili, basi akataja kurasa mbili kila asubuhi, hata baada ya Bwana Tomlin kurudi Ulaya na kufia huko.

Mwaka mmoja komite ilihesabu vitu vya stoo. Wakaona kaye ina viti vya farasi, stoo haina. Wiki mbili nzima Tata aliitwa mwizi wa viti vya farasi. Msicheke, wengine wenu mlikuwa kwenye komite hiyo.

Mimi nilifanya vibaya zaidi. Nilikuwa namsikia kutoka jikoni. Maneno yale si Kifaransa, si Kiluba, na yeye hajibu salamu mpaka amalize. Nikamshuku uchawi. Mwaka 1992, migodi imeanguka, shimo la shaba la Mashamba limenyamaza, watu wanatafuta wa kumlaumu, mimi nikasimama sokoni nikasema: "Ule tata iko naita majina ya batu ku mayi." Kwamba mzee anaita majina ya watu majini, nilisema mara moja tu. Ilitosha.

Machi 1993 watu wenye asili ya Kasai, kama Tata, walikuwa wanafukuzwa, wanalala stesheni wakingoja treni. Vijana tisa wakaja kwenye mashua pamoja na Mwenze, mtoto wa dada yangu. Wakamnyang'anya kaye.

"Tata, hii liste ni ya batu gani?" Mwenze akamuuliza, akidhani ni orodha ya watu wa kurogwa. Tata alipojibu kwamba ni vitu vya mashua, akasema: "Taja, na uguse. Kitu kikikosa, unapanda treni leo."

Akataja. Kafi akaligusa. Ubao akaugusa. Kijiti, kamba, kopo la kutolea maji, vyote. Alipofika ukurasa wa pili akasema "saddle", mkono ukabaki hewani. Vijana wakacheka kicheko kibaya.

"Iko wapi?"

"Haiko. Ilikuwa ya kwao Bwana. Alikuwa anaiwaza, ndiyo maana aliitaja. Bitu bya kwetu ni hibi nimegusa."

"Kwenu ni Kasai."

"Mi nilizaliwa hapa Kolwezi, mwana. Kule Kasai sijui hata kitu kimoja cha kutaja."

Hapo nikatoka jikoni na mwiko mkononi. Nikamwambia Mwenze mbele ya wenzake kwamba habari ya majina ilitoka kinywani mwangu, na kwamba nilisema kitu nisichokijua.

"Mama, leo ni weye unasema hivi?"

"Ni miye. Rudisha kaye ya wenyewe. Kama treni inataka mutu, bebeni miye mwenye bongo, miye niliyesema uongo."

Akairudisha, wakaenda. Lakini Mama Huguette, mke wa Tata, alikuwa amekwisha kupanda treni asubuhi ile na watoto, kwa hofu. Hawajarudi. Sikumtoa mimi kwa mkono, lakini mdomo wangu ulikuwamo.

Basi, Tata Badibanga, tunakushukuru kwa kila mtu uliyemvusha akafika mkavu. Mimi nakuomba msamaha, na nimeuandika ili wausome wote. Ufunguo usirudishe. Anayetaka nyumba ile apitie jikoni kwangu kwanza. Uishi vizuri, na uishi hapa hapa, Mama Huguette akirudi na batoto bakukute ndani.