Mama Yenu Hakuwa Mpole

MZEE NZUKI: Haloo? Ni nani? Namba hii siijui.

KAVINDU: Baba, ni mimi, Kavindu. Simu yangu imeisha chaji, hii ni ya Yahye wa kuchapa. Mmeshindaje huko nyumbani?

MZEE NZUKI: Tumeshinda. Shangazi zako wamemaliza sukari, sasa wanamalizana wenyewe. Uko wapi?

KAVINDU: Niko Muthurwa. Programu za mazishi ya Mama ziko kwa mashine. Nataka tu uniambie sawa, Yahye aanze—

MZEE NZUKI: Soma ukurasa wangu nisikie.

KAVINDU: Baba, simu ya watu hii, salio ni kidogo—

MZEE NZUKI: Soma.

KAVINDU: "Tribute by the husband. My late wife, Phelister Amolo, was a loving, caring, soft-spoken and God-fearing woman—"

MZEE NZUKI: Huyo ni nani?

KAVINDU: Si ni Mama!

MZEE NZUKI: Simjui. Mochari wametubadilishia maiti?

KAVINDU: Baba, haki!

MZEE NZUKI: Soft-spoken! Mama yenu akiita mtoto hapa Lucky Summer, watoto wa mtaa wa pili, Baba Dogo, wanaitika. Mimi niliandika ukurasa wangu kwa mkono wangu, nikakukabidhi asubuhi. Uko wapi?

KAVINDU: Niko nao kwa mkoba. Lakini cheki, Baba, usikasirike. Sylvance aliuangalia, akaona ni afadhali aandike mwingine. Wa heshima. Huyo ana digrii ya hizo vitu.

MZEE NZUKI: Sylvance ni mtoto wa ndugu yangu na ninampenda. Lakini hiyo digrii yake iliwahi kurushiwa mwiko na mama yako?

KAVINDU: Sasa hiyo ni swali gani?

MZEE NZUKI: Jibu.

KAVINDU: (akijizuia kucheka) Hapana.

MZEE NZUKI: Basi inyamaze. Loving, caring, God-fearing. Kila mtu anayezikwa mtaa huu anazikwa na maneno hayo hayo, kama shuka ya hospitali. Ondiek, yule aliyekuwa akimpiga mkewe mpaka anakuja kulala kwetu, alisomewa nini?

KAVINDU: ...Loving, caring.

MZEE NZUKI: Na mkewe akaangalia dari mpaka ibada ikaisha. Mama yenu sitamzika kwa maneno ya kuazima.

KAVINDU: Lakini Baba, wewe umeandika Mama alikuwa "annoying". Annoying! Msumbufu! Kwa kanisa! Mbele ya pasta!

MZEE NZUKI: Pasta mwenyewe aliwahi kufukuzwa na mama yenu kwa kuhubiri mpaka ugali ukapoa. Anajua.

KAVINDU: Watu watasema umemtusi.

MZEE NZUKI: Sikiza. Mwalimu wetu wa masomo ya jioni, Bi. Nabalayo, alitueleza jambo hili nikalielewa siku ile ile, kwa sababu lilikuwa nyumbani kwangu. Kuna anayewasha moto na kuna anayeungua. Anayewasha ni annoying. Anayeungua ni annoyed. Mama yenu aliwasha, mimi nikaungua. Ndiyo ndoa hiyo. Sikutusi mtu.

KAVINDU: Na hii nyingine je? "Surprisingly, she chose me." Sylvance anasema hiyo surprisingly inakushusha, itolewe.

MZEE NZUKI: Haitoki. Ilishangaza kwao, ikashangaza kwetu, na mimi niliyechaguliwa nilishangaa kuliko wote. (mtandao unakwaruza) Haloo?

KAVINDU: Niko, Baba. Wacha nikwambie ukweli. Mjomba Omolo anakuja na watu wa kwao wote. Atakaa kiti cha mbele. Unajua vile hucheka Kiingereza ya watu. Sitaki akucheke siku ya Mama. Na pia tulikubaliana aliyefiwa hasomi, anasomewa. Wewe utaketi tu, Sylvance asome—

MZEE NZUKI: Mlikubaliana na nani?

KAVINDU: Na... shangazi.

MZEE NZUKI: Hao wa sukari?

KAVINDU: Baba, tunakuonea tu huruma.

MZEE NZUKI: Unajua kwa nini nilianza masomo ya jioni?

KAVINDU: Si kanjo ya jiji walikataa kukupandisha cheo? Ukachoka kuendesha lori la taka.

MZEE NZUKI: Hiyo niliwaambia mkiwa watoto. Siku tulipopeleka mahari kwao mama yenu, huyo Omolo, akiwa karani wa reli na tai yake shingoni, alisimama akanena maneno ya Kiingereza huku akinionyesha kwa kidole. Watu wakacheka. Nami nikacheka. Nilidhani ananisifu. Nikampigia makofi, Kavindu.

KAVINDU: Baba...

MZEE NZUKI: Nikapiga makofi peke yangu. Mama yenu tu ndiye hakucheka. Tulipofika nyumbani nikamwuliza, yule kaka yako alisema nini? Akakataa kunitafsiria. Akasema, nenda ukajifunze mwenyewe.

KAVINDU: Ilikuwa neno gani?

MZEE NZUKI: Uneducated. Mtu asiyesoma.

KAVINDU: (anaibana simu kifuani)

MZEE NZUKI: Haloo? Umepotea?

KAVINDU: Nipo. Mama hakuwahi kutuambia.

MZEE NZUKI: Ilikuwa yetu wawili. Kila nikitoka darasani nilimkuta hajala, ananingoja. "Umeniletea neno gani leo?" Nikilitamka vibaya ananicheka mpaka majirani wanagonga ukuta. Sasa mnataka neno la mwisho apelekewe na Sylvance?

KAVINDU: Na ukishindwa katikati? Ukianza kulia hapo mbele?

MZEE NZUKI: Basi Omolo atakuwa ameona namna mtu aliyesoma anavyolia.

KAVINDU: Ngoja... ngoja kidogo. Yahye anauliza achape gani, wasee wa kuchapisha wamepanga laini hapa.

MZEE NZUKI: Toa ukurasa wangu. Soma mstari wa mwisho, uusome na Yahye asikie.

KAVINDU: "She was an annoying woman, and in all our years together... I was never bored."

MZEE NZUKI: Kuna kosa?

KAVINDU: Hakuna, Baba. Hakukuchosha hata siku moja.

MZEE NZUKI: Yahye anasema nini?

KAVINDU: Ameondoa kofia.

MZEE NZUKI: Ana adabu. Mwambie achape huo.

KAVINDU: Yahye, simamisha! Eeh, toa hiyo, weka hii ya Mzee... Hapana, kama ilivyo, usiguse kitu! (kwa simu) Baba, za Sylvance za kujaribu mashine zilikuwa zimeshatoka.

MZEE NZUKI: Wapelekee wauza nyama wa soko la Burma wafungie matumbo.

KAVINDU: (akicheka na kulia pamoja) Na nimwambie Sylvance nini?

MZEE NZUKI: Abebe msalaba. Hiyo pia ni heshima.

KAVINDU: Simu inalia, Baba, salio inaisha. Kesho nitakaa karibu nawe, nikushike mkono ukisoma.

MZEE NZUKI: Mkono wangu ni mzima. Wewe kaa karibu na Omolo.

KAVINDU: Mbona kwake tena?

MZEE NZUKI: Masikio yake yamezeeka. Akiona neno limempita akakuuliza nimesema nini, usimtafsirie.

KAVINDU: Nimwambie nini sasa? Haraka, Baba, inakata—

MZEE NZUKI: Mwambie aende akajifun—