Kiitikio cha Shangazi

Mgeni rasmi, ambaye ni Afisa Utamaduni wa mji wetu, Meneja wa kiwanda, wafanyakazi wenzetu, na wewe Shangazi uliyejibanza huko nyuma karibu na meza ya pasi:

KARIBU

Sisi waitikiaji wa Bendi ya Kiwanda cha Sare tunakukaribisha katika ukumbi huu, ambao siku nyingine zote ni chumba cha kukatia vitambaa. Utuwie radhi kwa nyuzi zilizokuganda kwenye suruali. Hapa hatoki mtu bila nyuzi.

HISTORIA

Bendi ilizaliwa saa ya chakula cha mchana, mashine zikiwa zimezimwa. Kiongozi wetu, fundi mkasi, alikuwa na wimbo wa mapenzi ambao, tuseme ukweli, ulikuwa umepooza. Siku moja Shangazi, fundi wa vifungo, alikwama mlangoni kwa mtunza stoo, aliyejifungia ndani anakunywa chai. Shangazi hakugomba. Aligonga mlango taratibu, akaimba: "Fungua kidogo, nipitishe neno!" Sisi kwenye mashine tukadakia. Mtunza stoo akafungua huku anacheka, chai imemmwagikia kifuani. Kesho yake maneno yale yakawa kiitikio cha wimbo.

MAFANIKIO

Wimbo uko redioni. Beti zake hakuna anayezijua, hata fundi mkasi mwenyewe huzisahau. Lakini kiitikio, lo! Kinaimbwa harusini, kinaimbwa viwanjani, kinaimbwa na watu waliopanga foleni nje ya ofisi zilizofungwa. Kama na wewe umewahi kuimbiwa mlangoni kwako, mgeni rasmi, tusamehe.

CHANGAMOTO

Hapa utuvumilie, maana ndipo panapotuuma.

Mazoezini sheria yetu ni moja: kiongozi akiita, itikia, usifikiri. Anayefikiri huachwa na mdundo. Tumezoea hivyo hata vikaoni. Meneja akisema "Sawasawa?" tunajibu "Sawasawa!" kwa sauti tatu. Watu walituita kiitikio cha Meneja, na sisi tulikuwa tunacheka.

Mwezi uliopita alikuja mtu wa ofisi yako na fomu, akauliza nani alitunga kiitikio. Fundi mkasi akatugeukia: "Tumetunga sote, au siyo?" Tukaitikia, "Ndiyo!" Ilitoka tamu kabisa. Na Shangazi naye aliitikia, sauti ya tatu, mahali pake hasa.

Baadaye tulimkuta anakunja kitambaa chake. Mmoja wetu akamwambia, "Shangazi, si ungesema?"

Akajibu, "Ningesemaje, mwanangu, na nyie mmeshaimba?"

Tangu siku hiyo tumeshikwa na aibu. Tulijua, kila mmoja wetu. Fundi mkasi alijua kuliko wote, na sehemu hii ya risala ameiandika yeye kwa mkono wake. Tunajuta, mgeni rasmi, wala hatuna kisingizio.

MAOMBI

Wengine wangekuomba spika. Yetu inakoroma, lakini iache ilivyo. Sisi tuna ombi moja tu. Shangazi anastaafu leo. Macho yake hayalioni tena tundu la sindano, na kesho binti yake anakuja kumchukua, waende mbali. Hati ya utunzi uliyokuja nayo ina majina manane. La kwake ni la mwisho, limebanwa pale chini kama kifungo cha akiba. Tunakuomba usiitoe kabla hujauliza tena, kwa sauti, mbele ya watu wote hawa, nani alitunga kiitikio kile.

Tulimwekea kiti mstari wa mbele, akakikataa. Anasema hajui kuimba peke yake, na kosa hilo ni letu. Huenda asijibu. Lakini wiki nzima tumefanya mazoezi ya jambo ambalo hatujawahi kulifanya tangu bendi ianze. Ukiuliza, sisi tutanyamaza.

Mungu akupe afya na subira ya kungoja jibu. Ampe Shangazi safari njema. Na sisi atusamehe.

Ni sisi,
Waitikiaji,
Bendi ya Kiwanda cha Sare.