Sista Taratibu na Mkono wa Shangazi

Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni, baada ya miaka thelathini na sita ya kazi, sista anayesimamia chumba cha mazoezi cha chuo chetu cha uuguzi anastaafu. Sote tunamwita Sista Taratibu, kwa sababu hilo ndilo neno ambalo kila mwanafunzi amelisikia nyuma ya kisogo chake siku aliposhika bomba la sindano kwa mara ya kwanza. Mimi, karani wa ofisi, nimepewa heshima ya kuandika habari zake. Naomba mnivumilie. Nimeolewa mwezi uliopita, na mume wangu ananicheka kwamba siku hizi hata risiti ya duka naisoma kama barua ya mapenzi.

Sista alikuja hapa msichana mdogo, wakati chuo kikiwa vyumba viwili tu nyuma ya wodi ya wazazi. Alipohitimu hakuondoka, aliajiriwa palepale. Siku hizo mabomba ya sindano yalikuwa ya kioo na yalichemshwa kila asubuhi. Kofia za wauguzi zilitiwa wanga hadi zikasimama zenyewe mezani. Kila kitu kilipopitwa na wakati na kutupwa, Sista alikifuata jalalani akakirudisha: kengele ya shaba iliyoamsha bweni, taa ya mafuta ya siku ya kiapo, joho la baridi lenye bitana nyekundu. Vyote vimo katika kabati la vioo pale kwenye korido. Wauguzi wa zamani wakija hospitali kutibiwa husimama mbele ya kabati hilo wakapapasa kioo, kisha wakaenda zao. Mmoja alimwomba Sista afungue kidogo tu, anuse lile joho. Sista alimfungulia, akageukia dirishani ili mwenzake anuse kwa nafasi.

Lakini hazina yake kubwa haimo kabatini. Imelala kitandani. Ni Shangazi, sanamu la mazoezi la tangu chuo kianze: mwili wa turubai uliojazwa pamba, na kichwa cha plasta kilichopakwa rangi mara nyingi mno hadi nyusi zimekuwa za mtu aliyesikia umbea sasa hivi. Sheria ya Sista ni moja. Kabla hujamgusa Shangazi, umsalimie na umweleze unachotaka kumfanyia. Kuna mwanafunzi aliyetandika kitanda kwa kona safi kuliko wote, akafeli, kwa kuwa alimfunua Shangazi bila salamu. Sista alimuuliza, “Shangazi yako wa nyumbani ungemvua shuka hivyo, mwanangu?” Mwanafunzi huyo leo ndiye mkuu wa chuo chetu. Ameniruhusu niandike haya, ingawa alicheka kwa shida kidogo.

Sasa, wote waliopita hapa wanajua kwamba Shangazi ana mikono miwili ya kushoto. Wa upande wa kushoto ni wa turubai. Wa kulia ni wa mbao, nao pia ni wa kushoto. Vidole gumba vyote viwili vinaelekea upande mmoja, kama watu wawili wanaochungulia mlango mmoja. Mwanafunzi akiangusha trei, wenzake humwambia ameazima mikono ya Shangazi. Ukimuuliza Sista imekuwaje, hujibu tu, “Fundi alikosea,” kisha huendelea kukunja mashuka.

Mwaka huu tumejengewa jengo jipya, na masanamu mapya yamekuja. Yanapumua, yanakohoa, na moja linagumia vizuri sana hivi kwamba mfagizi wetu alilikimbilia na glasi ya maji. Kamati ya kuhama ikakaa. Kabati la vioo lihamishwe, ilisema, lakini Shangazi aende na magodoro mabovu kwenye tanuri la taka nyuma ya chumba cha dobi. Haikuwa roho mbaya. Kamati iliona haya: wageni watasemaje wakikuta chuo kinafundisha kwa sanamu lenye mikono miwili ya kushoto?

Uamuzi ulisomwa kwenye mkutano wa wafanyakazi. Sista, ambaye mikutanoni hukaa karibu na mlango na huzungumzia sabuni tu, alisimama. Halafu akasema, “Mnasema ni kosa. Lile si kosa. Ni posa.”

Akatusimulia. Alikuwa na mwaka mmoja tu kazini pale mwanafunzi mmoja alipomgeuza Shangazi kwa pupa, mkono wa kulia ukambaki mkononi, akatoka nje mbio akiita daktari. Seremala wa hospitali akaitwa achonge mwingine. Alikuwa kijana mpole, mwenye penseli sikioni. Alisema hawezi kuchonga mkono wa mtu bila kuona wa mtu. Sista alikuwa amebeba trei ya vyombo kwa mkono wa kulia, akamnyooshea wa kushoto. Fundi akapima. Alipima kiwiko, alipima kiganja, alipima kidole kimoja kimoja, wala hakutambua ni mkono gani aliopewa. Alipouleta mkono wa mbao, kila mtu aliangua kicheko isipokuwa wao wawili.

Metroni akamwamuru aanze upya. Fundi akarudi kupima. Kesho yake akarudi tena, eti vipimo vimepotea. Aliporudi mara ya tatu, Metroni alimwambia aipeleke futi yake kwa wazazi wa binti, maana chumba cha mazoezi hakiozeshi mtu. Akaipeleka kweli! Wakaoana, na mkono mwingine haukuchongwa tena.

Fundi alifariki miaka minne iliyopita. Hadithi hiyo Sista hakuwahi kuisimulia chuoni, na tangu hapo hakuweza kuigusia hata kwa mzaha. “Nyumbani nina viti vyake,” alituambia, “nina picha zake. Lakini mimi vile alivyoniona yeye siku ile, nipo katika ule mkono tu.”

Nililia bila aibu. Mkuu wa chuo naye alivua miwani akaifuta muda mrefu, kisha akasema mkono ule utabanduliwa, utafungwa vizuri, apewe Sista akae nao nyumbani. Tulipiga makofi. Sista akatikisa kichwa. Alishukuru, lakini alisema nyumbani utalala juu ya kabati na kushika vumbi. Na tafadhali tusiufungie kwenye kioo pia. Ulichongwa ili ushikwe. Wapo vijana wanaofika hapa wakitetemeka, hawajawahi kumshika mgonjwa. Waanze na huo.

Mjumbe mmoja wa kamati akauliza, na wageni je? Mkuu akamjibu kwamba mgeni akicheka asimuliwe, tuone kama ataendelea kucheka. Basi ikaamuliwa: Shangazi anahamia jengo jipya, kitanda cha kwanza, na mikono yake yote miwili.

Jumatatu walimvusha uani kwa machela. Sista alitembea ubavuni, ameushika ule mkono wa mbao. Nilikuwa nyuma yao nimebeba mito, nikaitazama mikono hiyo miwili iliyoshikana. Ina urefu uleule na vidole vilevile. Mmoja una mishipa na makunyanzi ya kazi. Mwingine umebaki wa msichana.

Mama yetu, asante kwa kila kitanda na kila kijana uliyemtuliza. Nenda ukapumzike kwenye vile viti, na afya ikufuate, na wajukuu wakuchoshe kwa raha. Kila muhula utakapoanza, hapa kutakuwa na mwanafunzi mwenye kiganja cha jasho, ameushika mkono wako.