Mzigo Hutuliwa Kambini

Sogeeni, Festo na Adelina, mkae mahali nitakapowaona, na wewe jirani yangu Yoramu usiondoke, kwa maana macho yako ndiyo yaliyonisomea nilichoshindwa kusoma mwenyewe. Festo, weka simu chini. Mimi Veneranda, mama yenu, pumzi niliyobaki nayo ni ya kuazima na mwenyewe anaweza kuitaka wakati wowote.

Nianze na mepesi. Shamba la hapa Usinge mligawane nusu kwa nusu, na asije mtu akasema mwanamke harithi, maana jembe lililofyeka pori hili lilikuwa mikononi mwangu kuliko mwa marehemu baba yenu. Mizinga ya nyuki ni ya Festo. Kuhusu mpaka na Levina, jirani tuliyenuniana miaka kumi na mmoja hata kanisani tukawa tunapanga mistari tofauti ya komunyo, minyaa ile ya mpakani niliisogeza mimi. Hatua nne. Irudisheni nikishazikwa, siyo kabla, sitaki kumwona akicheka.

Sasa mazito. Mficha maradhi kifo humuumbua, na changu kimeshabisha hodi.

Babu yangu alikuwa mpagazi, alibeba pembe za ndovu kutoka Unyanyembe hadi pwani, na sugu ya begani mwake niliishika kwa mkono wangu nikiwa mtoto. Alituambia Mnyamwezi hatupi mzigo njiani. Neno hilo nililila kama ugali, nikawalisha na ninyi.

Adelina mwanangu, ulipopata kazi ya kupika katika mgahawa wa Masele kule Kanyenye, nilikuwa mdhamini wako. Nikawekewa karatasi, nikabonyeza dole gumba, na Masele akasema kwa mdomo wake kwamba ukiondoka atachukua shamba hili. Nikaamini. Akabaki na vyeti vyako vya shule, nikasema ndivyo matajiri walivyo. Hata ulipokuja hapa msimu ule wa mvua, miguu imevimba, miezi mitatu hujalipwa, umeondoka bila kumuaga mtu, sikukuuliza kama umekula. Siku zote umedhani Masele alikutafuta mpaka akakupata. Hakukutafuta. Nilimpigia mimi, kwa simu ya Festo, nikamwambia njoo umchukue. Nilikuona ukipanda gari lake, ukaketi nyuma juu ya magunia ya mchele, na hukugeuka kunitazama. Miaka miwili sasa aibu hiyo imenilalia kifuani kuliko ugonjwa huu.

Juzi nilimtoa Yoramu kwake, kwa kuwa alikuwa kwenye chama cha wafanyakazi enzi zake za reli, akanisomea nakala yangu ya karatasi ile. Shamba halimo. Nasema halimo, hata kwa kutajwa! Nilidhamini kwamba hutaiba, basi. Nilikurudisha kifungoni kuokoa shamba ambalo hakuna aliyelishika. Waliosema asiyesikia la mkuu huvunjika guu hawakusema mkuu akikosea nani huvunjika.

Akanieleza na mengine. Anayelipwa kwa mwezi hutoa notisi ya maandishi ya siku ishirini na nane, na siku hizo akizifanyia kazi hulipwa. Akiondoka bila notisi, tajiri anaweza kumkata mshahara wa siku hizo, lakini hana ruhusa ya kumeza jasho lililozidi hapo, wala vyeti vya mtu haviwekwi rehani. Masele angekata mwezi mmoja. Alikula yote mitatu, na Yoramu anasema huenda madai hayo yamechacha kwa kukaa bila kufikishwa Tume ya Usuluhishi, na hilo nalo ni juu yangu.

Kumbe niliwafundisha nusu ya neno la babu. Nusu ya pili ni kwamba mzigo hutuliwa kambini, mchana, mbele ya kiongozi wa msafara, na mpagazi akadai posho yake. Kuutua hakukuwa aibu kamwe.

Adelina, Masele amekupa ruhusa ya siku mbili uje kuniona, na treni ya kurudi Tabora ni kesho. Chini ya mto huu iko barua ya notisi, Yoramu ameiandika, bado sahihi yako. Ukirudi nayo, utatumikia siku ishirini na nane kichwa juu na utoke na chako chote, lakini mimi sitazifikisha siku hizo. Ukibaki hapa, atakukata mwezi mmoja, nami nitakufa mkono wako ukiwa kichwani pangu. Unataka kujua natamani lipi? Natamani ubaki. Natamani mno. Ila sitakuamuru, niliamuru mara moja na mmeona.

Festo, nizike kando ya baba yenu. Jeneza msinunue, mbao za mninga ziko darini. Kwaya iimbe, lakini Levina asiongoze... Haya, aongoze tu.

Inamisheni vichwa. Yoramu, nishikie mkono, hauinuki. Mungu awape kazi isiyowatafuna, na awape mdomo wa kusema inatosha mchana kweupe, na watoto wenu... wasiwaogope ninyi kama wangu walivyoniogopa.

Nimechoka. Hapana, Adelina, usiniambie umeamua nini. Nitangoja treni ya kesho ipite. Nitajua... kwa mkono utakaoninywesha uji.