Jenerali Japheth Wafubwa, Anayezikwa Ugenini kwa Amri Yake Mwenyewe

Wapendwa waombolezaji, mimi ni Nafula, binti wa kwanza wa marehemu, nimetumwa na familia niwasomee maisha ya baba yetu, Jenerali Japheth Wafubwa, aliyekuwa rais wa nchi ambayo sitaitaja, kwa sababu yenyewe imekataa kumtaja yeye.

Marehemu alizaliwa tarehe 4 Machi 1944 kijijini Mbirani, mtoto wa tano wa Mzee Wafubwa, mfua vyuma, na Mama Nekesa, akasoma Shule ya Msingi Mbirani, akajiunga na jeshi mwaka 1963, akapanda cheo baada ya cheo hadi kuwa mkuu wa majeshi mwaka 1978. Alifunga ndoa na mama yetu, marehemu Peresi, tarehe 12 Desemba 1970, wakajaliwa watoto watatu, mimi, Wayne na Fiona, na hao wawili wako nyumbani, wamenyimwa pasi za kusafiria, hawatamwona tena.

Tarehe 17 Agosti 1981 alitwaa madaraka kwa mtutu wa bunduki, akatawala miaka kumi na minne, akajenga barabara ya kaskazini, akaanzisha uji wa asubuhi mashuleni, na hapa Doha wapo walinzi na madereva wanaoniambia kuwa bila uji ule wasingemaliza darasa la saba. Pia alijaza magereza. Wazee wa ukoo walinitumia historia hii kwa simu wakiwa wamepafuta mahali hapa, wakasema marehemu hasemwi vibaya, na ni kweli hasemwi, lakini nikipafuta hamtaelewa kwa nini tunamzika huku.

Mwaka 1984 baba alitia saini amri kwamba raia aliyeikimbia nchi, akifia nje, maiti yake isiingie. Mwaka 1995 alipinduliwa, akaikimbia nchi yeye mwenyewe, akatangatanga, akafika Doha mwaka 2004, akaishi Al Rayyan, na ile amri hakuna aliyeifuta. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Alianza kuugua figo mwezi Juni 2023, akafariki Jumapili, tarehe 9 Februari 2025, saa nne asubuhi, mikononi mwa muuguzi wake, dada Scovia, akiuliza kama mvua imenyesha Mbirani. Kwa siku arobaini na saba nimeandika barua, nimepiga simu, nimekaa ubalozini hadi wakafunga milango, nimewaomba walipokee jeneza bila bendera, bila mizinga, hata bila mimi, wakanionyesha saini ya baba. Nimeishiwa, ndugu zangu. Nilimwahidi kuwa atalala kando ya mama yake, na leo namweka kwenye mchanga huu, mahali ambapo sisi sote tunaishi kwa kibali, kibali kikiisha tunaondoka, naye atabaki peke yake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, tunawashukuru majirani wa Al Rayyan waliotuletea chakula hali wao wenyewe wamefunga, tunawashukuru ndugu waliobadilishana zamu ili wafike Ijumaa hii. Kwa namna ya pekee namshukuru kaka Reuben, mlinzi wa Lusail na mwenyekiti wa chama chetu cha kufa na kuzikana, aliyekwenda nami ubalozini akiwa bado na sare ya kazi, akahangaikia kaburi, na ndiye atakayemshusha baba, maana mwana wa kiume hayupo.

Ni wiki iliyopita tu nilipojua kwamba baba yake Reuben, Kanali Ezekiel Mutoro, alifia ugenini, na jeneza lake likarudishwa mpakani kwa amri hiyo hiyo. Nilimuuliza kwa nini basi ananisaidia, akanijibu, "Dada, maiti ni maiti, lazima izikwe. Mimi sidai kitu, ila ukisoma ya mzee wako mtaje na wangu, maana yeye hajawahi kusomewa."

Naomba tusimame. Kanali Ezekiel Mutoro alizaliwa tarehe 2 Mei 1939, alilitumikia jeshi miaka ishirini, alifariki tarehe 30 Oktoba 1986, akazikwa na watu wasiomjua, akaacha mjane na mtoto mmoja, ambaye yuko hapa mbele yenu ameshika kamba za jeneza la baba yangu.

Kanali, pumzika kwa amani. Baba, ukifika mtafute, umwombe radhi, ndipo nawe upumzike.