Shangazi na Mikia Inayowaka

“Shangazi, mbegu ya kiume haina macho, haina pua. Sasa inajuaje yai liko wapi?”

Nilimuuliza hivyo mezani nikiwa na miaka tisa. Mama alinikanyaga mguu. Shangazi aliweka kijiko chini, akafikiri, akasema, “Sijui vizuri. Siku nikiwa na hakika, nitakuambia.” Watu wazima walicheka, lakini yeye hakuwa anatania. Swali hilo ndilo lililokuwa kazi yake, kwa hiyo nawaomba wazee wangu mnivumilie nikitaja mbegu mbele ya jeneza. Baba alinishauri niseme “mambo ya sayansi” tu, nipite. Marehemu angenikemea.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa tatu kati ya saba wa baba fundi cherehani na mama mkunga. Alianza shule ya msingi mwaka 1968, akamaliza sekondari 1980. Shule yao ilikuwa na darubini moja, tena imevunjika kioo cha chini kinachopeleka mwanga juu. Alichukua kioo cha kujipodolea cha dada yake mkubwa, akakibandika hapo kwa gundi, na darasa zima likaona chembe za kitunguu. Dada mtu yupo hapa leo, na jana usiku wa kuamkia mazishi bado alikuwa anakidai.

Alisomea ufundi wa maabara, na tarehe 3 Februari 1986 aliajiriwa chuoni, chumba namba kumi na mbili, kile cha chini chenye mabomba darini. Humo walifuga wanyama wa baharini wa duara, wenye miiba kama mpira uliochomekwa sindano, kwa sababu mayai na mbegu zao hukutana majini, mtu anaona kila kitu. Friji ya chumba hicho ilisumbua, akaitwa fundi. Fundi alirudi mara nne. Mwenyewe amekiri kwamba ilikuwa imepona tangu mara ya pili. Walifunga ndoa tarehe 8 Desemba 1990, wakajaliwa binti na mtoto wa kiume.

Mwaka 1994, Jumanne moja, alitengeneza maji ya chumvi ya kuogeshea mbegu. Zikaogelea kwa nguvu zote, lakini zikalipita yai kama watu walionuniana.

“Leo zimelewa?” mkuu wake akauliza.

Shangazi akaangalia rafu. Kopo la kalsiamu halikuwa limeguswa. Akaandika kwenye daftari, ambalo nimeliona kwa macho yangu: “Kosa langu. Nimesahau kalsiamu.” Mtu mwingine angemwaga maji yale na kunyamaza. Yeye alirudia kusahau kwa makusudi, mara kumi na moja, na kila mara mbegu zilipotea. Alipoirudisha kalsiamu, zikalipata yai.

Ni kalsiamu ile ile ya kwenye mifupa na meno yetu. Alinieleza kwamba yai hutoa kitu mfano wa harufu. Harufu ikigusa mbegu, vijilango kwenye mkia vinafunguka, kalsiamu inaingia, mkia unapinda, na mbegu inakata kona. Walitia dawa inayong'aa ili waione kalsiamu ikiingia. Aliniambia niweke jicho kwenye darubini, nikaona mikia inawaka na kuzima, inawaka na kuzima.

Mwaka 2003 yeye na wenzake waliandika kwamba mkia huwaka harufu inapozidi. Taarifa hiyo ilisomwa na wengi, na ndiyo iliyompa jina. Mwaka 2017 ikaja kamera ya kasi zaidi, akaona kwamba walikosea. Aliamua kuandika jaridani kujisahihisha.

“Mama, umebakiza miaka minne ustaafu,” mwenzake mmoja alimsihi. “Kwa nini ujichafue?”

“Kuna mtoto wa mdogo wangu ananidai jibu,” alisema. “Nimpe la uongo?”

Sahihisho lilitoka. Wapo waliolidharau, wakasema mzee amechoka macho. Mimi nilimfuata nikitaka jibu langu, akakataa: “Subiri jaribio hili warudie watu wengine, wasionipenda.” Alistaafu mwaka 2021 kabla mtu yeyote hajairudia kazi yake.

Mwaka 2022 figo zake zilianza kushindwa. Akawa anasafishwa damu mara tatu kwa wiki. Muuguzi akimsomea vipimo, aliuliza kalsiamu kwanza.

“Mama, sisi tunaangalia figo.”

“Haya, angalia figo. Mimi nisomee kalsiamu.”

Alifariki tarehe 9 Novemba 2023, saa tatu asubuhi, akiwa ameshikwa mkono na binti yake.

Ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watatu, dada yake, wadogo zake watatu, wanafunzi wengi aliowafundisha kuandika makosa yao kwa kalamu ya wino, na sisi watoto wa ndugu zake. Mungu amlaze pema, ampe utulivu aliokuwa hautaki alipokuwa hai.

Wiki tatu kabla hajafariki alinitumia ujumbe niende hospitali nikitoka shule. Nilimkuta ameshika barua. Maabara nyingine, ya watu asiowafahamu kabisa, ilikuwa imerudia kazi yake na kuona alichokiona yeye.

“Haya, uliza,” akasema.

Nikauliza: inajuaje yai liko wapi?

“Haijui. Inachojua ni kwamba harufu imeanza kupungua. Hapo ndipo kalsiamu inapoingia, mkia unawaka, inageuka. Ikipungua tena, inageuka tena. Nyingi hazifiki, mwanangu, usije ukaandika uongo. Lakini inayofika, inafika hivyo.”